Nguo za nyumbani za mwanaume mnene: flaneli, kitenge, traksuti au kanzu?

Ukipita soko la Mwanjelwa, Mbeya, kutafuta nguo ya kushindia nyumbani ya mwanaume mwenye mwili, jibu utakalopewa ni lile lile: "Saizi hiyo hamna, jaribu mtumba." Kwenye mtumba nako, suruali kubwa zinazopatikana nyingi zilikatwa kwa mtu mrefu. Kiuno kinaenea, miguu inaburuza chini, na msamba unabana vile vile. Ndiyo maana watu wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe huishia kwa fundi au kwenye cherehani yao wenyewe, wakiwa na swali moja: nimshonee nini?

Mavazi yanayotajwa kila mara ni manne. Kuna suti ya flaneli, yaani suruali ya lastiki na shati la vifungo la mikono mirefu. Kuna suti ya kitenge, suruali pana na shati la kuvalia kichwani. Kuna traksuti ya kitambaa cha fulana nzito, kile chenye manyoya kwa ndani. Na kuna kanzu, iwe ya kufika kwenye vifundo vya miguu au ya kuishia chini kidogo ya magoti. Zote zinaweza kumkaa vizuri mtu wa miraba minne, na zote zinaweza kumtesa.

Msimamo wangu ni huu: mwili wake unaamua vipimo, lakini aina ya vazi iamuliwe na baridi ya mahali mnapoishi, jua la kuanikia na cherehani mliyonayo. Wengi huanza kinyume. Wanapenda kitambaa, wanakinunua, ndipo wanauliza kama kitatosha.

Tutazame nini

Nitazilinganisha kwa mambo matano: joto, nafasi ya kukaa, kuinama na kulala, kitambaa na ushonaji wake, kufua na kukauka, kisha kudumu, pamoja na usalama mbele ya moto, maana huku kwetu jiko la mkaa halikai mbali na watu. Bei sitaiweka, kwa sababu ya leo Kabwe siyo ya mwezi ujao Makambako. Nitakupa kiasi cha kitambaa, hesabu ufanye mwenyewe dukani.

Vipimo kabla ya kitambaa

Hapa ndipo nguo nyingi za wanaume wanene huharibikia, kwa hiyo tukae kidogo.

Apimwe amesimama, halafu apimwe tena amekaa kwenye kiti kigumu. Nguo ya nyumbani inavaliwa na mtu aliyekaa: anakula, anaangalia taarifa ya habari, anaota moto. Akikaa, nyonga zinapanuka na tumbo linashukia mapajani. Chukua kipimo kikubwa kati ya hivyo viwili, ndipo uongeze nafasi.

Kipimo cha pili ni mzunguko wa msamba. Tepu ianze kiunoni mbele, ipite katikati ya miguu, itokee kiunoni nyuma. Mafundi wengi wanaona haya hapa, wanakisia, na matokeo yake suruali inachanika siku ya kwanza baba anapochuchumaa kufunga kamba za viatu vya mtoto. Hakuna sababu ya kuoneana aibu: mwenye mwili ashike mwanzo wa tepu mwenyewe kwa mbele, aipitishe, wewe usome namba kwa nyuma.

Kisha muulize: "Mzee, suruali unaifunga juu ya tumbo au chini yake?" Wake wanaokuja kwa fundi na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi karibu wote hawajawahi kuuliza hili. Anayefunga chini ya kitambi, sehemu ya mbele ikatwe fupi kuliko ya nyuma kwa sentimeta 4 au 5. La sivyo kitambaa kinajikusanya chini ya tumbo, na nyuma kila akiinama mgongo unabaki wazi. Anayefunga juu ya tumbo anataka kinyume chake, mbele ipande kufuata mviringo.

Shati na kanzu vipimwe kifuani, kisha tumboni pale lilipotokeza zaidi, na ufuate kilicho kikubwa. Mbele iongezwe sentimeta 4 hadi 6 za urefu, kwa sababu tumbo linakula urefu. Shati lililokatwa sawa mbele na nyuma likivaliwa na mwenye kitambi linapanda kwa mbele kama pazia lililofupishwa.

Halafu tazama umbo. Kuna mnene aliyeenea mwili mzima, na kuna mwenye kitambi kikubwa lakini nyonga na miguu myembamba. Huyu wa pili ndiye mgumu kumshonea suruali, maana hakuna kitu cha kuishikilia. Inashuka yenyewe, na wala siyo mlegezo wa vijana.

Joto

Mbeya mjini ipo kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi 10. Njombe iko juu zaidi, na Makete kuna asubuhi ambazo majani yanaamka na umande ulioganda. Hapo kila mtu anakimbilia kitambaa kizito kuliko vyote. Ila mwili mkubwa hupoteza joto polepole kuliko mwembamba. Mama anatetemeka chini ya blanketi mbili, baba pembeni yake anafungua vifungo. Umshonee kwa baridi anayoisikia yeye.

Kwa mtu wa namna hiyo flaneli ina faida moja kubwa, vifungo. Ni pamba iliyochokonolewa uso mpaka ikatoa manyoya mafupi, manyoya yanashika hewa, hewa inatunza joto. Akizidiwa anafungua viwili vya juu. Jasho linapita.

Traksuti ndiyo yenye joto kuliko zote. Inafunga upepo mikononi na miguuni, na kitambaa ni kinene. Lakini haina mahali pa kupunguza joto ila kuivua, na ikiwa nyuzi zake ni za plastiki kuliko pamba, jasho linabaki ndani na mgongo unalowana. Ukiishonea zipu mbele badala ya kuifanya ya kuvalia kichwani, unaondoa nusu ya tatizo.

Kitenge peke yake ni chepesi kwa wakati wa kipupwe. Kuanzia Septemba mpaka Aprili kinatosha sehemu nyingi za nyanda hizi. Ukitaka kikae mwaka mzima, kitilie bitana ya shuka laini la pamba kuanzia mabegani hadi kiunoni, na kwenye suruali kuanzia kiunoni hadi magotini. Kinakuwa kizito, ila kinabaki nadhifu kwa nje.

Kanzu joto lake linategemea kitambaa ulichochagua. Inaweza kuwa ya flaneli, ya pamba nyepesi, hata ya kitenge. Ila hewa inaingia kwa chini, na Njombe mwezi wa saba hiyo hewa haina huruma. Teremka Kyela, ambako ardhi imeshuka hadi mita 500 hivi na joto la Ziwa Nyasa linakuganda mwilini, utaona kwa nini kanzu nyepesi inashinda suruali yoyote.

Kukaa, kuinama, kulala

Traksuti inavutika, kwa hiyo inasamehe. Ongeza sentimeta 6 hadi 8 tu kwenye nyonga, inatosha. Mtu anakaa, anakunja miguu, analala nayo bila kuhisi mshono. Lakini kuvutika huko kunamdanganya fundi: anakata kwa kubana akijua kitambaa kitafuata mwili, na kweli kinaufuata, kila mkunjo wa tumbo unaonekana, na wageni wakibisha hodi baba anakimbilia koti. Tena ile ribu ya miguuni, yaani ukanda unaovutika na kubana, inawauma wanaovimba miguu jioni. Kwao acha pindo la kawaida, lililo wazi.

Flaneli haivutiki. Nyonga ziongezewe sentimeta 15 hadi 20 juu ya kipimo cha kukaa, na tumbo la shati vivyo hivyo. Ikikatwa kwa nafasi hiyo inapwaya kwa staha.

Kitenge kimefumwa kwa kubana zaidi, hakitoi hata kidogo. Ukubwa uwe ule ule wa flaneli, na hapo bado kuna jambo moja ambalo kwangu halina mjadala: kipande cha msamba. Kata mraba wa sentimeta 14 kwa 14, mishono ikiwa ndani ya hesabu hiyo. Ushonee pale mishono minne ya suruali inapokutana, pembe moja ielekee mbele, moja nyuma, mbili zishuke ndani ya mapaja. Anza na kusimamisha kila mshono sentimeta moja na nusu kabla ya makutano, pachika mraba upande mmoja mmoja, sindano ikifika pembeni ibaki chini ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza, shusha, endelea. Suruali iliyo na kipande hiki mtu anachuchumaa mpaka chini na hakuna kinachovuta. Cha namna hiyo, kidogo kidogo cha sentimeta 12, kiwekwe na kwenye makwapa ya shati. Washonaji wa kanzu wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani, na ndiyo maana mtu ananyanyua mikono kuswali bila kanzu kumfuata.

Kanzu haina kiuno wala msamba, kwa hiyo mwenye kitambi na nyonga ndogo anapumzika kabisa. Uzito wote unaning'inia mabegani. Ongeza sentimeta 30 kwenye kipimo cha tumbo, weka mpasuo pembeni mpaka karibu na goti ili hatua isizuiwe. Kasoro zake ziko mbili. Usingizini inapanda hadi kiunoni, na akikaa kwa kujiachia mbele za wakwe itabidi awe na kaptula ndani.

Sasa lastiki, kwa zile suruali tatu. Mafundi wanapenda ya sentimeta moja kwa kuwa ni rahisi kupitisha. Kwenye tumbo kubwa inajikunja, inakuwa uzi, inaacha alama nyekundu. Nunua pana, sentimeta 4, na uikate pungufu ya kiuno cha kukaa kwa sentimeta 8 hivi. Kabla hujaishonea mzungushie, mwache ale chakula nayo. Kama akimaliza anailegeza, ongeza. Acha tundu dogo kwenye upindo ili ibadilishwe ikichoka, na upitishe kamba pamoja nayo, hasa kwa yule asiye na nyonga.

Kitambaa, cherehani na fundi

Kitenge kwa kawaida kina upana wa sentimeta 112 hivi na kinauzwa kipande cha yadi 6, ambazo ni karibu mita 5.5. Tuchukue mwanaume mwenye nyonga za sentimeta 130. Ukiongeza nafasi ya 18 unapata 148, robo yake ni 37. Kipande cha mbele kinahitaji ziada ya msamba ya kama 7, cha nyuma kama 15, kwa hiyo cha nyuma kinafika 52, na mishono yake 55. Kitenge kikikunjwa katikati kina 56. Kimeponea chupuchupu! Akizidi hapo kidogo tu, ukikunja kitambaa kama ulivyozoea kipande cha nyuma hakitoshi. Usipunguze msamba ili kikae, ambalo ndilo kosa la kila siku. Kikunjue kitambaa, kata kipande kimoja kimoja, au punguza ziada ya msamba na uirudishe kwa ule mraba niliousema. Suruali inakula mita 2.4 hivi, shati la mikono mifupi 2.1, na mabaki yanatosha mifuko na vipande vya makwapa. Akiwa mrefu sana au akitaka mikono mirefu, kipande kimoja kinaweza kisitoshe.

Hakikisha pia ni pamba, kwani vitenge vingine mtaani siku hizi ni plastiki tupu. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo uuchome. Wa pamba unawaka kama karatasi na kuacha majivu laini; wa plastiki unayeyuka na kuganda kipunje kigumu.

Flaneli mpya inauzwa kwa mita, na upana hutofautiana, kwa hiyo uliza kabla hujasema mita ngapi. Lakini mimi nawashauri watu wapite kwanza kwenye mashuka ya mtumba, soko la Sido au popote belo zinapofunguliwa asubuhi. Shuka la flaneli la kitanda kikubwa ni pana kuliko kitambaa chochote cha jora, na limeshafuliwa mara nyingi, halirudi tena. Liinue mbele ya mwanga: katikati pakionyesha vidole vyako, pamechakaa, kata vipande vya suruali kwenye kingo na katikati utumie kwa mifuko.

Flaneli na kitenge zinashonwa kwa cherehani yoyote, hata ile ya kukanyaga ya Singer au Butterfly inayopiga mshono mmoja tu ulionyooka. Fundi yeyote wa mtaani anaziweza.

Traksuti ni habari nyingine. Inataka sindano ya ncha ya mviringo na mshono unaovutika, yaani wa mashine ya ovaloki. Ikishonwa kwa mshono ulionyooka inapendeza siku ya kukabidhiwa. Mwenye nguo akikaa kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki, na mishono inakatika mmoja baada ya mwingine kuanzia makalioni. Usimpe fundi wa suti. Watafute wanaoshona traksuti za shule na jezi. Hao ovaloki wanayo, na mara nyingi ribu za mikononi na kiunoni wanazo dukani. Ila kawaida yao ni kukata saizi za wanafunzi kwa mkupuo, kwa hiyo mpelekee patani yako mwenyewe iliyokatwa kwenye karatasi, usimwachie vipimo peke yake. Kitambaa cha namna hii huwa kipana, mita moja na nusu na zaidi, na mita 3 hadi 3.5 zinatosha mtu mkubwa.

Kanzu ndiyo rahisi kwa anayejifunza. Kwenye upana wa 112, mita 4 zinatoa kanzu ndefu na mikono yake. Ya kuishia magotini inatoka kwenye mita 3. Mishono karibu yote imenyooka, kazi iko shingoni tu. Shingo ikatwe ndogo kwanza, apitishe kichwa, ndipo uongeze. Shingo iliyozidi hairudi.

Kufua na kukauka

Iringa mjini, msimu wa kiangazi, utafua traksuti asubuhi na jioni utaikunja. Tukuyu mambo ni tofauti. Wilaya yake ya Rungwe hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na zipo wiki ambazo jua linachungulia na kurudi ndani. Traksuti hapo inakaa kambani siku mbili tatu. Mwili umekauka, kiuno na ribu bado vina maji, na harufu ya uvundo imeshaingia. Flaneli inachukua muda, lakini inawahi. Kitenge kinakauka hata barazani. Kanzu ya pamba nyepesi inakwenda pamoja na kitenge, ikiwa una kamba ndefu na ya juu, maana ya mtu mkubwa ikianikwa chini inafagia ua.

Flaneli mpya lazima ifuliwe kabla ya kukatwa. Ikirudi kwa asilimia 5 tu, suruali ya sentimeta 110 inakuwa 104 na ushee, na kwa mwenye kitambi urefu unaopotea hauonekani miguuni peke yake, unaonekana msambani. Kitenge nacho kilowekwe kitoe wanga na rangi ya ziada. Kuhusu pasi: kitenge na kanzu zinaitaka, flaneli inavumilia, traksuti haina haja nayo.

Kudumu, na moto

Nguo ya mwanaume mnene haianzi kuchakaa magotini, inaanza mapajani, pale miguu inaposuguana. Flaneli ndiyo inayoshindwa mapema. Manyoya yanajiviringisha vipunje, kisha pananyauka. Dawa ni kuweka kiraka kwa ndani tangu siku ya kwanza, kuanzia msamba hadi nusu ya paja, kwa kitambaa cha pamba laini kisicho na manyoya. Kitenge kinastahimili zaidi, lakini mshono mgumu unachubua ngozi, kwa hiyo mishono ya ndani ya mapaja ilazwe na kupigwa mara mbili kama ya jinzi, ukingo usiguse mwili. Traksuti mapajani iko vizuri. Yenyewe inatuna magoti na baada ya mwaka inakaa hivyo hivyo hata ikiwa kambani. Kanzu haichakai, ila mapaja yanasuguana yenyewe kwa yenyewe, na ndipo kaptula ya ndani inaporudi tena kwenye mazungumzo.

Moto usipuuzwe. Manyoya ya flaneli hushika cheche na mwale unatambaa juu yake haraka. Kitambaa cha plastiki, ambacho traksuti nyingi zimechanganywa nacho, kinayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Kanzu ina pindo refu linalopita karibu na jiko bila mwenyewe kujua. Kitenge cha pamba nacho kinaungua, ila hakina manyoya ya kukimbiza moto. Kwa anayeota jiko kila jioni, mikono iwe myembamba kuanzia kiwiko na kanzu iishie juu ya vifundo. Jiko lenyewe la mkaa lisilazwe chumbani milango ikiwa imefungwa, gesi yake isiyoonekana inaua, na hilo halihusiani na nguo.

Nani inamfaa ipi

Flaneli inamfaa anayesikia baridi usiku na kutoka jasho jioni, na anayetaka kuonekana amevaa akipokea mgeni. Kitenge kinamfaa anayefuliwa nguo mara nyingi, anayeishi kwenye mvua, na yule anayetoka na nguo hiyo hiyo mpaka dukani; watu hawamshangai. Traksuti ni ya asiyetulia, anayelisha kuku alfajiri, anayepita bustanini, na pia ya mzee anayeona shida na vifungo. Kanzu ni ya mwenye kitambi na nyonga ndogo, ya anayeuguza kidonda cha upasuaji tumboni au hataki kitu chochote kimguse kiunoni, na ya Mwislamu ambaye tayari anaizoea na hahitaji kushawishiwa.

Kwa hali yako

Mko Njombe, Makete au Mufindi penye ukungu wa chai, na kuna fundi mwenye ovaloki: traksuti yenye zipu, nafasi ya kutosha tumboni, miguu bila ribu kama anavimba. Fundi huyo hayupo? Usilazimishe. Flaneli yenye kiraka cha mapajani, na sweta juu yake, itamfikisha Septemba.

Mko Mbeya mjini au Iringa na bajeti ni ya kuvuta: shuka la mtumba la flaneli kwa suruali, na shati la kitenge analoweza kulivaa peke yake mchana. Suti si lazima ilingane, hii ni nguo ya kukaa sebuleni.

Mko Tukuyu: kitenge mbili, moja mwilini moja kambani, na bitana ikatwe kama fulana ya kuvaa ndani kando badala ya kushonewa, ili kila kimoja kikauke kivyake. Kyela au tambarare za Usangu, sahau flaneli. Kanzu fupi ya pamba au kaptula pana ya kitenge yenye mraba wa msamba.

Kama unashona mwenyewe na cherehani ni ya kukanyaga, anza na kanzu, ufuatie suruali ya flaneli, kitenge kije baada ya mkono kuzoea kugeuza pembe. Kama unampa fundi, mpeleke mwenye mwili, au peleka vipimo vya kukaa na jibu la lile swali la juu au chini ya tumbo. Fundi akikuambia "naona kwa macho," chukua kitambaa chako.

Na kama ni zawadi hutaki aijue: chukua suruali yake anayoipenda kuliko zote, hata iwe imechakaa, ilaze juu ya karatasi safi ya ndani ya mfuko wa saruji, fuata kingo zake kwa kalamu mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, ongeza sentimeta 2 za mishono pande zote, kisha irudishe ilipokuwa kabla hajaitafuta. Kwa kanzu unahitaji shati lake tu na urefu kutoka begani hadi chini, ambao unaweza kuuchukua kwenye koti lililotundikwa nyuma ya mlango, ukiongezea kwa kukadiria kutoka pindo la koti mpaka sakafuni siku amelivaa.